Kabati nikilichora kona inachomoza: ninunue kitabu gani cha pespektivu?

SWALI: Shikamoo bro. Mi fundi fenicha hapa Keko, siku hizi wateja wanataka waone mchoro kwanza ndo watoe advansi. Simu nimeijaza video za pespektivu, ile ya kuchora kitu kionekane na kina kama jicho linavyokiona, ila kabati nikilichora kona ya mbele inatoka kali kama ncha ya kisu. Nilipie kozi au ninunue kitabu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kozi usilipie kwanza. Hiyo kona naijua hata bila kuona mchoro, mistari ya kabati inaenda kupotelea kwenye pointi mbili, kushoto na kulia, na wewe zote umezibana ndani ya A4. Sasa kabati lenye kona mraba zile pointi zinafungua pembe ya digrii 90 kutoka kwenye jicho lako, wakati mchoro unatulia ndani ya digrii 60 hivi, ukizidisha hapo vitu vinaanza kuvutika. Bandika karatasi mezani kwa selotepu, pointi ziweke huko nje kwenye mbao, mbali kabisa, mbao si unazo?

Ndo maana somo lolote nalipima kwa swali moja: linakwambia jicho la mchoraji lipo urefu gani na umbali gani? Video nyingi zinakuonyesha tu vuta mstari hapa vuta pale, unaiga, kesho kabati likibadilika umekwama.

Mi ningekuanzishia Perspective Made Easy cha Ernest Norling, cha 1939, cha zamani kweli ila kidogo, picha kibao na Kiingereza chake chepesi. Mkono ukiwa mzito ingia tovuti ya Drawabox, masomo ni bure, wana zoezi la maboksi 250, linachosha balaa ila kabati ni boksi tu. How to Draw cha Scott Robertson cha 2013 ni kizuri sana lakini kimejaa magari na ndege, kiache kwanza.

Milango miwili usigawe kwa rula, piga mistari ya kona kwa kona kwenye uso wa mbele wa kabati, inapokatana ndo katikati.

Ukikwama tuma picha ya kabati halisi, ila rudi nyuma hatua kadhaa ndo upige, maana simu ukiisogeza karibu nayo inachomoza kona vilevile.