Gadenia ina manjano na mbolea haisaidii

SWALI: Gadenia yangu, ule mmea wa maua meupe yanayonukia, iko kibarazani, ndani ya chungu. Majani machanga yanatoka ya manjano, ila mishipa imebaki kijani. Nimetia mbolea ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) mara tatu na hali inazidi kuwa mbaya. Namwagilia maji ya kisima. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Acha hiyo mbolea kwanza. Mmea wako umekosa madini ya chuma. Chuma kikishaingia kwenye jani hakihami, hivyo kikipungua, majani ya nchani ndiyo huumia mwanzo.

Tatizo ni maji. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Tazama birika lako: ule ukoko mweupe wa ndani ndio unaorundikana chunguni pia. Chokaa ikizidi, chuma hushikika udongoni na mizizi haiwezi kukifyonza hata kikiwa tele. NPK imeongeza chumvi tu.

Suuza udongo kwa maji ya mvua, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 5 kitataka lita 10 hadi 15, yakimiminwa polepole na kutoka yote kitakoni. Baada ya siku chache, nenda duka la pembejeo ukaulize chuma cha EDDHA, yaani chuma kilichofungwa kwa kemikali ili mizizi ikifyonze hata penye chokaa. Taja herufi hizo, kwa sababu kile cha EDTA, aina nyingine iliyopo madukani, hushindwa kwenye chokaa. Koroga gramu 1 kwa lita ya maji, au kama pakiti inavyoelekeza, umwagie udongoni jioni. Jua huharibu chuma hicho, na wekundu wa dawa hiyo hutia madoa. Misumari yenye kutu haisaidii, tafadhali usiifukie.

Utakapouhamishia mmea chungu kingine, changanya makumbi sehemu 2, mboji 1 na mchanga wa mto 1. Mchanga wa ufukweni una magamba ya kombe, yaani chokaa ile ile. Makumbi nayo yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa, maana ya pwani huenda yalifukiwa baharini na yana chumvi.

SWALI: Potosi yangu, ule mmea wa ndani unaotambaa, ina miaka mitatu kwenye kopo lile lile. Majani ya chini yanageuka manjano jani zima. Ni ugonjwa huohuo?

JIBU: Hapana. Hapa yanaanza majani makuukuu: naitrojeni ikipungua, mmea huinyonya huko na kuipeleka kwenye machipukizi. Lakini chomeka kidole kwanza. Udongo ukiwa chepechepe na una harufu, mizizi inaoza, na mbolea itaimaliza kabisa. Ukiwa sawa, loweka kijiko cha chai cha NPK, kisijae, katika lita 5 za maji usiku kucha, chuja, kisha mwagia kila baada ya wiki mbili juu ya udongo uliokwisha kuloa. Majani yaliyokwisha kugeuka manjano hayarudi kijani, angalia yanayochipua.