Bessie Coleman alianza na Kifaransa, ndege ikafuata

Jamani hii ni kwa mabinti mnaoniuliza nilifikaje Ujerumani kusomea unesi. Mimi nilikuwa napaka rangi za kucha saluni Dar, miaka minne, na kila mwaka natuma maombi ya chuo, nakosa, nalia, natuma tena palepale. Kilichonigeuza ni habari za Bessie Coleman, rubani mweusi wa Marekani, manake na yeye alikuwa anatengeneza kucha, kwenye saluni ya wanaume Chicago.

Huyu dada alizaliwa Texas 1892, kachuma pamba, kafua nguo za watu. Kaka yake karudi kutoka vita ya kwanza ya dunia akawa anamchokoza kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, nyie mtaweza wapi. Bessie akaomba shule za urubani Marekani zikamkataa, mweusi halafu mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, ndo akamwambia jaribu Ufaransa.

Sasa hapa naomba mtulie. Hakukimbilia meli. Alijifunza Kifaransa kwanza, hapohapo Chicago, huku anafanya kazi anaweka akiba, akaja kusafiri Novemba 1920. Akasoma shule ya urubani ya akina Caudron kule Le Crotoy, Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa ya urubani, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata. Yani mlango aliofungiwa aliuacha, akaenda kuutafutia ufunguo ule mwingine, na ufunguo ulikuwa lugha.

Nami nikafanya hivyo. Kozi ya Kijerumani jioni, mchana nimebandika maneno kwenye kioo cha saluni nayasoma huku nashika mkono wa mteja, na kila siku elfu mbili kwenye kibubu ya ada ya mtihani, siku nyingine nalala na chai tu lakini elfu mbili imeingia. Mtihani wa Kijerumani wa B1, yani ngazi ya kati, nilifeli mara ya kwanza, kipengele cha kusikiliza, nikarudia nikafaulu.

Ila msiharakishe. Kuna wakala alinitaka nilipe hela yote kabla sijaona mkataba, na nilikaribia kulipa kwa jinsi nilivyochoka kungoja. Bessie alikufa 30 Aprili 1926 Jacksonville, ana miaka 34 tu. Ndege ilikuwa kuukuu, njiani kuletwa ilishatua kwa dharura kwa sababu ya injini, na siku ile spana iliyosahauliwa ndani ikakwama kwenye mitambo ya kuongozea, na yeye hakufunga mkanda maana alitaka kuchungulia chini aone pa kurukia na parachuti, akarushwa nje ya ndege. Mimi hiyo spana inaniumiza mpaka leo. Kwahiyo mkataba usome wote, mpe na mtu mwingine anayejua Kijerumani ausome, ndo utoe hela.

Daftari langu la maneno ya hospitali bado ninalo, anayelihitaji aniambie nimpigie picha kurasa zote.