Hipnosi si usingizi

Umeuliza kama mchezaji anayefanyiwa hipnosi, yaani kuongozwa kwa maneno hadi akili itulie, hulazwa usingizi na kutawaliwa. Wala! Yuko macho, anasikia kila kitu, ila mawazo yameelekezwa mahali pamoja tu. Jina ndilo linalopotosha, maana limetokana na neno la Kigiriki la usingizi. Mpiga penalti, kwa mfano, hutulizwa kwanza, kisha hupitishwa kwenye tukio zima akilini: pumzi moja ndefu, hatua tatu, mguu unagusa mpira. Akirudia vya kutosha, ile pumzi huwa ishara ya kutulia uwanjani. Bondia Ken Norton alitumia hipnosi kabla ya kumshinda Muhammad Ali mwaka 1973, na taya akamvunja. Ila mazoezi pia alikuwa ameyafanya kwelikweli, tusisahau hilo. Na wapo watu ambao hipnosi haiwaingii hata kidogo.