Mama wa miaka 82 na wajukuu watatu

Dada yangu, umeuliza kama mama yako huko Arua, Uganda, mwenye miaka 82 na anayelea wajukuu watatu, anaweza kusaidiwa na serikali. Ndiyo. Pesa ya wazee, SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima umri uliwekwa miaka 80. Lakini kwanza toa kitambulisho chake cha taifa, usome mwaka wa kuzaliwa. Bibi yangu alikisia tu siku ya kuandikishwa, akajipunguzia miaka saba. Kadi yake ya ubatizo, kuukuu, imekunjwa mara nne, ndiyo iliyotusaidia kusahihisha. Msindikize, tafadhali, asipange foleni peke yake. Halafu mwulize chifu wa parishi kuhusu PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi: huo ni mkopo, hadi milioni moja kwa kaya. Aununulie kuku au mbuzi, asiumalizie kwenye sare na daftari.