Sasisho likiharibu simu, kampuni tuipime kwa lipi?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama ni haki kuihama kampuni ambayo sasisho lake limeifanya simu yako izime na kuwaka yenyewe, huku wengine wakikujibu kwamba kila programu ina kasoro. Mimi ni fundi simu, na hilo la kasoro silipingi. Ninachoangalia ni kama kampuni ilisema ukweli mapema, na kama ilikuachia njia ya kurudi ulikotoka.

Tuwachukue Apple, maana wana kesi mbili zinazopishana kabisa. Tarehe 24 Septemba 2014 walitoa iOS 8.0.1, toleo la programu inayoendesha iPhone, iPhone 6 na 6 Plus zikiwa na siku tano tu sokoni. Wengi waliosasisha walipoteza mtandao wa simu, na Touch ID ikagoma kusoma kidole. Aibu kubwa. Lakini baada ya kama saa moja hivi walishaliondoa, wakaeleza hadharani namna ya kurudisha iOS 8 kwa iTunes, programu yao ya kompyuta, wakatahadharisha kwamba programu ya Afya isingefanya kazi kwa muda, wakaomba radhi, na kesho yake wakatoa iOS 8.0.2. Kwa hesabu yao, simu zilizoathirika hazikufika 40,000. Kinachoniudhi ni kwamba njia ile ilidai kompyuta na faili la zaidi ya GB 1. Kwa anayeishi kwa bando, hiyo ni hela yake.

Kesi ya pili ni ya betri. Betri ikichoka, ukinzani wake wa ndani hupanda, kwa hiyo prosesa, yaani ubongo wa simu, ikidai umeme mwingi ghafla, volti hushuka na simu inazima hata kama kioo kinaonyesha chaji ipo. iOS 10.2.1 ya Januari 2017 ilituliza hali hiyo kwa kupunguza kasi ya prosesa. Kiufundi ni tiba nzuri, naitetea. Mwezi uliofuata Apple wakatangaza kwamba tatizo la kuzima limepungua sana, bila kusema kwamba kilichotolewa kafara ni kasi. Mtu ambaye simu yake ilikuwa ikifanya kazi polepole aliamini imezeeka, akafikiria kununua nyingine, wakati betri mpya ingemtosha! Mpaka Desemba, John Poole wa Primate Labs, kampuni inayotengeneza Geekbench, programu ya kupima kasi ya simu, alipochapisha vipimo vyake, ndipo Apple wakakiri. Radhi ikafuata, bei ya kubadilisha betri ikashuka kutoka dola 79 hadi 29, na 2018 iOS 11.3 ikampa mtumiaji uwezo wa kuzima udhibiti ule wa kasi. Mwaka 2020 Ufaransa iliwatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja.

Kwangu kesi ya pili ni nzito zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo iliyoharibu simu waziwazi. Ukiificha hitilafu, hata fundi unampoteza: atafungua simu akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Na hilo la kunyimwa njia ya kurudi nimeliona mezani kwangu, kwa kampuni nyingine ambayo siitaji. Mama mmoja alileta simu iliyoganda kwenye nembo baada ya kusasisha. Kituo chao cha huduma kilimjibu afute kila kitu, na picha za mwanawe zote zilikuwa humo. Nikajaribu kuflashi, yaani kuipakia simu toleo la zamani kwa kompyuta, simu ikalikataa kwa sababu kampuni ilikuwa imefunga njia ya kurudi nyuma. Ufungaji huo una sababu ya kiusalama, naielewa, lakini ukimfungia mtu mlango wa nyuma, huo wa mbele, yaani sasisho jipya, uwe mzima.

Sasa yako, mkuu. Kampuni ikikiri hitilafu kwa maandishi, ikataja matoleo yaliyoathirika na kukutengenezea bure hata kama waranti imekwisha, mimi ningebaki nayo. Ikikujibu "weka upya mipangilio ya kiwandani", yaani ufute kila kitu, bila kuuliza unatumia toleo gani, ningehama. Kwa leo usifute chochote. Simu ikishika hata dakika chache, toa picha kwa waya kwanza, kisha piga picha namba ya toleo kabla hujaipeleka kwao.