Je, BSA Bantam ni DKW iliyogeuzwa?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Birmingham, Uingereza. Nimenunua pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam D1 ya mwaka 1951, nayo imenifikia ikiwa imefunguliwa yote, ndani ya maboksi matatu. Mzee mmoja Mjerumani alipoiona alisema hiyo si kazi ya Waingereza, ni pikipiki yao ya DKW iliyogeuzwa. Ni kweli? Na kama ni kweli, naweza kuifungia pistoni na spea nyingine za DKW RT 125?

Jibu: Marahaba. Mzee amesema kweli tupu, lakini usiagize spea Ujerumani kwanza.

DKW ilikuwa kampuni ya Mdenmaki, Jørgen Skafte Rasmussen, aliyeweka kiwanda chake Zschopau, mji mdogo wa Saksonia. Kufikia mwaka 1928 hakukuwa na kiwanda duniani kilichotengeneza pikipiki nyingi kuliko hicho, na zilikuwa za injini za mipigo miwili. Injini hizo za awali zilikuwa na tatizo lao. Mchanganyiko mpya wa petroli na hewa ulipoingia kwenye silinda ulitaka kutokea moja kwa moja kwenye tundu la moshi. Ili kuuzuia, pistoni iliwekewa nundu kichwani iliyourusha juu. Nundu hiyo iliongeza uzito na ilishika joto kupita kiasi.

Dawa ilitoka kwa mhandisi Adolf Schnürle wa kampuni ya Deutz. Aliweka matundu mawili ya kuingizia, moja kila upande wa tundu la moshi, yakiwa yamelazwa ili mchanganyiko upige ukuta wa nyuma wa silinda, uelekee juu, ugeuke na kushuka ukiusukuma moshi nje. Pistoni ikawa bapa. DKW walikuwa wepesi kuliko wenzao, wakapata haki ya kuitumia njia hiyo kwenye injini za petroli, na mhandisi wao Hermann Weber akaitumia kuchora RT 125, iliyotoka mwaka 1939. Kipenyo cha silinda milimita 52, mwendo wa pistoni milimita 58, gia tatu, injini na giaboksi ndani ya nyumba moja. Mimi nimefungua injini nyingi za zama hizo, na sijaona nyingine ndogo iliyofikiriwa vizuri hivyo.

Vita vilipokwisha, Wasovieti waling'oa mashine za Zschopau wakazipeleka kwao. Mwaka 1946 wakawa na Moskva M1A, ambayo ni RT 125 kwa jina jingine. Weber mwenyewe alichukuliwa, akafia huko mwaka 1948. Inaniuma kila ninapolitaja jina lake, maana mwaka huohuo kazi yake ilikuwa inaanza kuenea dunia nzima. Michoro iligawanywa kama fidia ya vita: Harley-Davidson wakatoa yao ya sentimita za ujazo 125, na BSA wakatoa Bantam, mwanzoni kwa ajili ya kuuza nje tu. Hata Yamaha, pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mchoro huo.

Sasa kuhusu kugeuzwa. Kwenye DKW kiki na gia viko kushoto. Mwendesha pikipiki wa Uingereza wa wakati ule alizoea vyote viwe kulia. Basi BSA wakaichora injini upya kama inavyoonekana kwenye kioo: cha kushoto kikaenda kulia, cha kulia kikaenda kushoto. Pia waliacha milimita kwenye sehemu nyingi, wakaweka inchi na nati na bolti za vipimo vya Kiingereza. Kwa hiyo krenki (ekseli inayozungushwa na pistoni), nyumba yake na gia za DKW hazikufai hata kidogo. Pistoni nayo, usidanganywe na milimita 52. Mifereji ya pete zake ina pini ndogo zinazozuia ncha za pete zisizunguke na kunasa kwenye matundu, na pistoni iliyotengenezewa silinda nyingine inaweza kuvunja pete siku ya kwanza tu. Nunua ya Bantam. Hapo ulipo Uingereza bado zinatengenezwa mpya, na bei yake haitishi.

Ukitaka kuona jinsi BSA walivyomheshimu Weber bila kusema, tazama Bantam zilizofuata. D3 ya mwaka 1954 waliipanua silinda hadi milimita 57, kisha D5 ya mwaka 1958 hadi 61.5. Mwendo wa pistoni haukuguswa. Ulibaki milimita 58 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1971.

Kabla ya kuifunga, kwangua masizi kwenye tundu la moshi na kwenye ekzosi, kwa sababu mzunguko ule wa Schnürle unategemea moshi upate njia. Oili changanya moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli, ukitumia oili ya injini za mipigo miwili.

Sili za krenki, yaani mipira inayoziba pale krenki inapotokea nje ya nyumba yake, badilisha zote, hata kama zinaonekana nzima. Mchanganyiko hupitia kwanza kwenye nyumba ya krenki, kwa hiyo sili ndizo zinazoifanya injini ipumue. Ikivuja ya upande wa klachi, injini hunyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito usioisha. Ikivuja ya upande wa magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi), huvuta hewa tupu, petroli hupungua kwenye mchanganyiko, pistoni hupata moto na kukwama ndani ya silinda.

Ukishaifunga injini, na kabla hujaiweka kwenye fremu, ziba mdomo wa kabureta na tundu la moshi, acha plagi ikiwa imekazwa, kisha ingiza hewa taratibu kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la paundi 6 hivi kwa inchi ya mraba. Paka maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye sili ya magneto. Sili ya klachi imejificha, kwa hiyo fungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi usikilize kama hewa inatoka. Geji ikikaa palepale kwa dakika kadhaa, hapo unaweza kuiweka kwenye fremu na kupiga kiki.