Anko, huyu wa tipsi za bure anakula wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Kuna website inatoa tipsi za hisa za Marekani bure kabisa, Apple, Tesla, Nvidia, kila siku nunua hii uza ile, ila ili uingie grupu lao la Telegram lazima ufungue akaunti kwa broka fulani wa mtandaoni kwa linki yao. Niliweka laki tano, sasa hivi imebaki elfu tisini na jamaa bado anaposti skrinishoti za faida tu, nikiuliza naambiwa sina nidhamu. Shida ni mimi au nihamie website nyingine? S., Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nidhamu tuiache kwanza, tuangalie hiyo linki, maana ndo shamba lake. Ina namba yake maalumu ndani, ukijisajili nayo broka anajua umeletwa na nani na anamlipa. Wengine wanalipa mara moja ukishaweka hela, wengine wanamkatia kidogo kila unapobonyeza nunua au uza, upate usipate, sasa hapo unadhani atakwambia "leo tulieni msifanye kitu"? Thubutu! Na wapo mabroka ambao oda yako haifiki sokoni kabisa, wao wenyewe ndo wanakaa upande wa pili wa dau lako, ukiliwa hela inabaki kwao na aliyekuleta anaweza kupewa fungu lake humohumo. Yaani mtu anakushauri na hapohapo anakula kwenye hasara yako. Dalali wa vyumba na maneno yake yote, ile hela ya mwezi mmoja si unampa kwa mkono wako, unajua kabisa umemlipa.

Halafu fungua hiyo akaunti uangalie vizuri, inawezekana huna hata hisa moja ya Apple. Mabroka wengi wa aina hii wanauza mkataba wa tofauti ya bei, kile wanachoita CFD, unabashiri tu bei itapanda au itashuka, tena kwa hela ya mkopo anayokuongezea broka. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya, ESMA, walisema akaunti za watu wa kawaida kwenye hiyo biashara zinazopoteza hela ni asilimia 74 mpaka 89, wakabana mkopo na wakapiga marufuku zile bonasi za kuvutia wateja. Kwa hiyo usijione mjinga peke yako.

Na wanaonunua hisa zenyewe nao wamepigwa sana. Aprili 2017 SEC, wasimamizi wa Marekani, waliwashtaki watu na kampuni 27 kwa makala za kusifia hisa kwenye website za uwekezaji, waandishi wamelipwa kimyakimya na kampuni zinazosifiwa, na makala zaidi ya 250 zilikuwa zimeandikwa kabisa kwamba mwandishi hajalipwa na mtu! Kule sheria ya tangu 1933 inasema ukilipwa kusifia hisa useme umelipwa na ni kiasi gani. Wakubwa wa Wall Street nao hivyohivyo, Henry Blodget, mchambuzi wa hisa wa benki ya Merrill Lynch, alikuwa anasifia hisa hadharani huku kwenye imeili anaziponda, 2003 akalipa dola milioni 4 na kufungiwa maisha.

Kuhama website sioni kama itasaidia, nyingi zinakula sahani moja. Muulize jamaa mbele ya grupu zima broka anamlipaje, na mwambie atoe stetimenti ya miezi sita, siyo skrinishoti. Akikublock, jibu umepata. Broka naye mwangalie kama ana leseni ya CMSA, wasimamizi wa masoko ya mitaji hapa Tanzania, ukiwa Kenya ni CMA, na kama ni hisa hasa unataka basi madalali wa DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, wapo, kamisheni yao unaiona kwenye karatasi.

Ila kabla ya yote hayo, hiyo elfu tisini jaribu kuitoa leo, uone wanakuzungusha siku ngapi, halafu niandikie.